Baba Myahudi, mama Mluguru

Baba alifariki usiku wa Jumanne mwaka 2012, nyumbani kwetu Morogoro. Kufikia alfajiri majirani walishajaa uani, turubai limefungwa, sufuria za msiba ziko jikoni. Swali la kwanza aliloulizwa mama lilikuwa hili: "Mzee tunamzika vipi?"

Mama ni Mkatoliki, na sisi watoto tulibatizwa tukiwa wachanga. Lakini baba hakubatizwa. Hakuwa Mwislamu. Alikuwa mhandisi kutoka London, mtoto wa wakimbizi wa Vienna, aliyekuja Tanzania miaka ya sabini kufunga mitambo ya kiwanda, akamwoa mama na asirudi tena. Mara moja kwa mwaka alikuwa anafunga kula na kunywa, siku nzima, bila kueleza. Mara moja kwa mwaka pia, usiku mmoja, aliwasha mshumaa wa kumkumbuka mama yake na kuuacha uwake hadi uzime wenyewe. Alituambia yeye ni Myahudi. Neno tulilijua. Tulichokuwa hatujui ni nini linatakiwa kufanyika Myahudi anapokufa.

Nikampigia shangazi London. Akasema aoshwe, avikwe sanda nyeupe isiyo na mfuko, azikwe leo hii jua halijazama, na maua yasiwekwe. Mzee mmoja wa jirani, Mwislamu aliyekuwa akicheza bao na baba kila Jumapili, alikuwa amesimama kando anasikiliza. Akasema, "Haya yote tunayajua, mwanangu. Mzee ni mtu wa Kitabu." Wakamwosha wao. Shangazi alipoongeza kwamba uzi wa sanda usipigwe fundo, yule mzee alikuwa tayari ameshapiga. Nilimwona akivaa miwani, akaufumua ule uzi polepole kwa ncha ya sindano, akashona upya bila fundo.

Pale kaburini ilitakiwa isomwe Kadishi, sala ya Kiaramu ambayo waliofiwa huisoma na ambayo haitaji kifo hata mara moja. Inataka Wayahudi kumi. Morogoro nzima tusingewapata. Shangazi akaisoma kwenye simu, spika imewashwa, mimi nimeinyanyua juu ya udongo. Hapo ndipo nilipojiuliza: mimi ni mmoja wa wale kumi au siye?

Swali hilo lilinichukua miaka saba. Ninaandika kwa sababu najua wapo wengine hapa kwetu wenye mzazi au babu wa namna hii, na wapo wasio na babu wa Kiyahudi kabisa lakini mioyo yao imevutwa huko. Nilipoteza fedha na machozi ambayo mwingine hana haja ya kuyapoteza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kudhani. Kwa serikali, shuleni, kwa Waarabu wa pwani, kwa Wachaga, mtoto ni wa baba. Jina langu la mwisho lilikuwa la Kiyahudi, basi nikahesabu nimemaliza. Na hili nilitakiwa kulihoji mapema kuliko mtu yeyote, maana kwetu Uluguruni ukoo, lukolo, unafuata mama. Baada ya arobaini mjomba alituita, akasema mbele ya wazee, "Baba yenu alikuwa mgeni wetu mpendwa. Ninyi ni wetu." Sikumwelewa alichokuwa anafungua.

Mwaka uliofuata shangazi aliandaa kumbukumbu ya baba London. Niliuza kiwanja changu cha Kihonda nikapata nauli na gharama za viza. Nilikaa miezi mitatu, na nia yangu kubwa ilikuwa kujiandikisha katika sinagogi la familia, lile la Kiothodoksi, tawi la Wayahudi linaloshika sheria za kale bila kuzilegeza, ambalo babu alifungia ndoa ya wanawe. Rabi alinipokea vizuri, akanitilia chai, akanisikiliza habari za mazishi hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na mama yako?"

Nikamwambia.

Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Baba yako ni Myahudi, na wewe ni binti wa Myahudi. Kwa sheria yetu hayo ni mambo mawili." Sheria hiyo wanaiita halaka: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi, au aliyeingia Uyahudi mbele ya baraza la marabi. Jina la baba, hata liwe refu namna gani, halitoshi. Nililia ndani ya treni kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho. Nilijiona nimefukuzwa msibani kwa baba yangu mwenyewe. Kiwanja kimekwenda, na jibu lenyewe ningelipata kwa barua pepe moja.

Kwa hiyo ukitaka kuanza safari hii, usimwendee rabi ukisema "mimi ni Myahudi." Sema "baba yangu ni Myahudi," au "bibi yangu mzaa mama alikuwa Myahudi," na hii ya pili ina uzito wa ajabu, kwa sababu Uyahudi ukishuka kwa mama, kisha mama yake, kisha bibi, haukatiki hata kama hakuna aliyesali katikati. Rabi atakwambia umesimama wapi kabla hujatoa hata shilingi.

Shangazi alikasirika kuliko mimi. Alinitolea gazeti alilolitunza la Desemba 2009, habari ya kesi ya shule moja ya Kiyahudi ya London iliyomkataa mtoto mmoja. Baba wa mtoto alikuwa Myahudi wa kuzaliwa. Mama alikuwa ameingia Uyahudi, lakini kwa marabi ambao shule haikuwatambua. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua, majaji 5 kwa 4, kwamba kumpima mtoto kwa nasaba ya mama yake ni ubaguzi wa asili, hata kama wanaopima wanaamini kwa dhati kwamba wanafuata dini. Nilisoma habari ile mara nyingi usiku. Kitu kilekile: marabi wanakiita dini, majaji wanakiita asili. Na wote walikuwa wanaangalia cheti cha mama mmoja.

Kisha shangazi akanieleza habari za bibi, mama yao, ambazo baba hakuwahi kutusimulia. Bibi hakushika Sabato. Krismasi walikuwa wanapamba mti sebuleni kama majirani zao. Machi 1938 Wajerumani walipoingia Austria hayo yote hayakumsaidia, maana sheria za Wanazi za Nuremberg za 1935 zilihesabu mababu: ukiwa na watatu Wayahudi, wewe ni Myahudi, usali usisali, ubatizwe usibatizwe. "Hakuna aliyemuuliza mama kama anafunga," shangazi alisema. "Walitaka majina ya bibi zake."

Kuanzia siku hiyo sikuweza tena kumsikiliza mtu anayesema Uyahudi ni dini tu, hauhusiani na kuzaliwa. Wapo waliouawa kwa kuzaliwa tu.

Niliporudi nyumbani nikafanya kosa la pili. Niliagiza kipimo cha DNA kwa dola 99, na kukituma na kukirudisha nikalipa karibu kiasi hichohicho. Majibu yakaja: karibu nusu ya nasaba yangu ni Wayahudi wa Ulaya ya mashariki na kati. Niliikunja karatasi ile nikatembea nayo kama hati ya shamba. Rabi wa pili niliyemwandikia alinijibu kwa mistari miwili kwamba kwake karatasi hiyo haibadilishi lolote, kwa kuwa nusu hiyo ni ya baba na hilo tulishalijua. Kama unajua babu yako ni nani, usinunue kipimo. Tafuta karatasi za zamani: ketuba, yaani hati ya ndoa ya Kiyahudi ya wazazi au mababu, picha za makaburi yenye maandishi ya Kiebrania, cheti cha kuzaliwa. Ketuba ya babu na bibi ilikuwa kwenye sanduku la shangazi, imekunjwa ndani ya kitambaa cha meza. Ipigie picha leo, mwenye sanduku angali hai.

Sasa lile la Israel. Wakati ule Dar hapakuwa na ubalozi wao, nikapanda basi hadi Nairobi. Nikiwa nimeshakataliwa London nilitegemea kukataliwa tena. Afisa akanisikiliza akasema ninastahili kuhamia Israel.

Nilimwomba arudie. Sheria yao ya Kurejea, inayowapa Wayahudi haki ya kuhamia huko, ni ya 1950, na ilirekebishwa 1970 baada ya kesi ya afisa mmoja wa jeshi la wanamaji, Benjamin Shalit, aliyekuwa na mke Mskoti asiye Myahudi. Alitaka watoto wake waandikwe kwa utaifa wa Kiyahudi bila dini. Mahakama ikampa haki, 5 kwa 4, na wiki chache baadaye bunge likabadili sheria kwa mapatano ya pande mbili. Wenye dini wakapata tafsiri yao: Myahudi ni wa mama Myahudi au aliyeingia, naye asiwe wa dini nyingine. Wasio na dini wakapata mlango mpana: mtoto wa Myahudi, mjukuu, na wenzi wao wanaruhusiwa kuhamia na kupata uraia, hata kama wenyewe si Wayahudi. Wengi husema mlango wa wajukuu ulifunguliwa kama jibu kwa Wanazi, wale waliohesabu mababu.

Hata ubatizo wangu wa utotoni, uliokuwa ukininyima usingizi, haukunizuia, kwa kuwa mbele ya sheria ile mimi nilikuwa mtoto wa Myahudi na si Myahudi aliyeacha dini yake. Linganisha na Oswald Rufeisen, aliyezaliwa Poland na wazazi wote Wayahudi, akaokoa Wayahudi wenzake wakati wa vita, kisha akawa mtawa Mkatoliki kwa jina la Ndugu Daniel. Mwaka 1962 mahakama ilimkatalia kuingia kwa haki ya Myahudi, ingawa kwa halaka yenyewe damu yake haikuwa na shaka. Yeye alikuwa na mama Myahudi. Mimi sikuwa naye. Mlango ukanifungukia mimi.

Nyaraka ndizo zilizonitesa. Cheti changu cha kuzaliwa kilitafutwa nikiwa na miaka kumi na minne kwa ajili ya mitihani, na jina la baba liliandikwa kwa masikio ya karani, jina moja tu, tena tofauti na la pasipoti yake. Kurekebisha, kula kiapo kwa wakili, kutafsiri, kugonga mihuri, miezi minane. Mwenye mtoto wa ndoa ya namna hii ahakikishe leo kwamba jina la mzazi mgeni linafanana herufi kwa herufi kwenye karatasi zote.

Na nilipokaribia kukamilisha, mtu mmoja aliyewahi kuishi kule akaniuliza kama ninajua kuwa ndoa za Wayahudi Israel zinafungwa na marabi pekee, hakuna ndoa ya serikali. Ningepata uraia kwa damu ya baba, halafu nikitaka kuolewa kama Myahudi, rabi angeniuliza swali lilelile la London. Nikaliweka faili kabatini.

Nilikwenda Mbale, Uganda, mwaka 2017 kwa ajili ya kupumzika na swali hilo, sikutafuta jibu. Nilipitia Malaba na Tororo, kisha bodaboda hadi kilima cha Nabugoye. Huko wanaishi Abayudaya. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekosana na Waingereza, aliisoma Torati mwenyewe, akajitahiri na kuwatahiri wanawe, na watu wake wakamfuata. Hakuna aliyedai wametoka Yerusalemu. Idi Amin alipopiga marufuku dini yao wengi waliiacha, wachache wakasali kwa siri. Mwaka 2002 marabi wa Marekani wa tawi la Konsavativi, lililo kati ya Waothodoksi na Marekebisho, tawi la kisasa zaidi, walikuja wakawapokea mamia yao rasmi mbele ya baraza.

Ijumaa jioni nilikaa karibu na mwanamke mzee waliyemwita Jjajja, yaani bibi. Kiswahili chake kilikuwa cha askari, alikijulia enzi za Amin, na alikuwa anaona aibu nacho. Aliniambia baba yake alikuwa akifukia vitabu vya sala kwenye shimo la viazi, wanalifukua Sabato tu, usiku, mlango umefungwa. Vidole vyake vilikuwa vinakatakata mkate wakati anaongea. Nikamweleza ya kwangu: baba, ubalozi, DNA. Alisikiliza akasema, "Wewe wanakupa pasi, na sala hujui hata moja?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini sikulala. Miaka mitano nilikuwa nikiililia haki yangu ya damu, na nimekaa mezani na watu walioishika Sabato kwa siri bila tone la damu hiyo. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa Abayudaya alikataliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel kuhamia kwa haki ya Myahudi. Kesi ikafika mahakama ya juu, na 2021 akashindwa. Mimi, niliyesoma alfabeti ya Kiebrania nikiwa mtu mzima, faili langu bado liko kabatini na bado lingekubalika. Hili linaniuma mpaka leo na siwezi kulieleza vizuri kwa mtu yeyote.

Nikaamua kusoma. Miaka miwili, kwa simu na rabi mmoja wa Konsavativi, mara nne nikaenda Mbale kwa sikukuu. Nilihesabu baadaye: mabasi, vitabu, vifurushi vya intaneti, ada ya baraza, ilikaribia dola 1,400. Aulizwe mapema kila rabi: nani atautambua uamuzi wako? Wangu unatambuliwa na matawi ya Konsavativi na Marekebisho. Yule rabi wa London aliyenipa chai hautambui, aliniambia hivyo waziwazi nami namshukuru kwa kutonificha. Na ukikutana na kikundi kinachokuuzia cheti cha Uyahudi kwa wiki sita, au kanisa linalovaa shali za sala na kukusanya zaka, ondoka. Nilipoteza laki tatu kwa watu wa namna hiyo Dar kabla sijajua tofauti.

Jambo nililolichelewesha kuliko yote ni kumwambia mama. Nilijifunza kwamba anayeingia huitwa binti wa Ibrahimu na Sara. Nilipomwambia, aliacha kuchambua mchele. "Na mimi nimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa Waluguru mtu hahami kwa mama yake. Nilimpelekea swali lake rabi kama lilivyo, akajibu kwamba heshima kwa wazazi haivunjwi na maji ya mikve, birika ambamo anayeingia Uyahudi huzama, na kwamba mama yangu ni mama yangu. Mama akasema hilo linamtosha, ila atakuja kuona kwa macho.

Akaja. Mwaka 2019, safari ya mabasi ya siku tatu, miguu imevimba. Marabi watatu waliniuliza lile swali la kale ambalo kila anayeingia huulizwa: kwa nini unataka kuwa wa watu wanaochukiwa na kuteswa? Niliwasimulia bibi wa Vienna na mti wake wa Krismasi. Kisha wakanisomea Ruthu, Mmoabi, aliyemwambia mkwewe, "Watu wako watakuwa watu wangu, na Mungu wako atakuwa Mungu wangu." Nilikuwa nimeusoma mstari huo Katekisimu nikiwa mdogo. Siku hiyo ndipo nilipoona kwamba aliwataja watu kwanza. Ndiyo maana Uyahudi unanigomea nikiuliza ni dini au ni nasaba: ni ukoo wenye kiapo. Wengine wanazaliwa ndani ya kiapo, wengine wanaapa na kuzaliwa ndani ya ukoo. Musa bin Maimuni, rabi na tabibu wa Misri wa karne ya 12, aliulizwa na mwongofu mmoja aitwaye Ovadia kama anaruhusiwa kusali "Mungu wa baba zetu" wakati baba zake hawakuwa Wayahudi. Alimjibu aseme, asibadilishe neno. Barua hiyo ninaijua karibu kwa moyo.

Nilipotoka majini, mama alikuwa amesimama pembeni na kitenge amekitandaza mikononi, kama alivyokuwa akinisubiri mtoni nikiwa mdogo. Alinifunga nacho, akanikausha nywele.

Siku hizi ninaishi Dar. Ikifika miezi ya mwisho wa mwaka mama hunipigia simu kutoka Morogoro. Tarehe ya kumbukumbu ya baba hufuata mwezi wa Kiebrania na huhamahama, kwa hiyo kila mwaka anauliza mshumaa ni lini. Ninamtajia siku. Namsikia akiita msichana wa kazi alete kalenda na kalamu.